Jina Lililovuka Mito: Tarikhi ya Nyumba ya Santuri ya Kanindo, Kama Ionekanavyo Kutoka Isiolo

Ukifika Harare ukaingia ukumbini ambamo magitaa yanakimbizana na watu wanacheza hadi jasho kuwatiririka, ukauliza muziki ule waitwaje, utajibiwa kuwa ni sungura. Na ikisadifu ukamkuta mzee mwenye kumbukumbu ndefu, huenda akakutajia jina la kale zaidi, akakuambia kuwa zamani, kabla ya hawa vijana, sisi tukiuita kanindo. Pengine mzee huyo hatajua kwamba majina yote mawili hayakuzaliwa katika Kishona wala katika Kindebele, bali yaliteremka kusini yakiwa yamechapwa katika vikaratasi vya duara vibandikwavyo katikati ya sahani za santuri, na kwamba la kwanza ni jina la mnyama mjanja wa hadithi zetu, na la pili ni jina la mtu wa Nyanza, Mjaluo, mfanyabiashara na baadaye mbunge, Phares Oluoch Kanindo. Wapo wafanyabiashara walioacha majumba, na wapo walioacha kesi za mirathi. Lakini ni nadra kusikia kwamba mfanyabiashara ameacha jina lake likawa nomino ya kawaida katika nchi ambayo hakuzaliwa wala hakuishi, likitamkwa na watu ambao hawajui kama liliwahi kuwa jina la mtu.

Mwandishi wa maneno haya ni mtu wa Isiolo, na msomaji ana haki ya kuuliza mji wetu umeingiaje katika tarikhi ya nyumba ya santuri iliyofanya kazi zake Nairobi na kuchota nyimbo zake kando ya Ziwa Viktoria. Jawabu langu ni kwamba biashara hujulikana vyema zaidi mwishoni mwa njia yake kuliko mwanzoni, kama maji ambayo thamani yake haijui akaaye karibu na kisima bali yule aliyeyabeba mtungini mchana kutwa. Na Isiolo, tangu askari wa Kisomali walipokaa hapa baada ya Vita Kuu vya kwanza, umekuwa mji wa kukomea na mji wa kuanzia: hapa serikali ya Kiingereza iliweka makao ya wilaya zake za mpaka wa kaskazini, hapa palikuwa na lango la nchi iliyofungwa, ambayo mtu hakuingia wala hakutoka bila ya cheti, na hapa, kwa miaka mingi baada ya uhuru, ndipo lami ilipokatika, dereva akateremka akayakagua magurudumu, akafunga upya maturubali, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, kisha akaikabili njia ya changarawe iendayo Marsabit na Moyale, takriban kilomita 500 za vumbi na makorongo. Bidhaa iliyofika Isiolo ilikuwa imefika ukingoni mwa nguvu za aliyeituma, na kwa hiyo, aliyesimama Isiolo aliweza kupima nguvu hizo zimefika wapi.

Nyumba ya Kanindo haikuota nyikani bila ya mbegu. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimsafirisha mwimbaji Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zinaswe huko, na sahani zile ziliporudi na kununuliwa kwa pupa katika miji ya pwani, matajiri wa biashara wakabaini jambo ambalo waimbaji walikuwa wakilijua tangu enzi, kwamba mtu yu radhi kutoa fedha ili asikie lugha yake ikitoka katika sanduku. Vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na mji wetu ukawa kambi, maana sehemu ya majeshi yaliyokwenda kupigana na Waitaliani wa Uhabeshi mwaka 1941 ilishika njia hii hii ya Marsabit na Moyale. Na katika jeshi la KAR, yaani King's African Rifles, kulikuwa na kikosi cha watumbuizaji, alimokuwamo kijana wa Kigiriama aitwaye Fundi Konde, ambaye gitaa lake liliwafuata askari hadi upande wa Burma, na aliporejea akawa miongoni mwa wa kwanza kurekodiwa kama mwanamuziki wa kisasa wa Kenya. Sidhani kama wanahistoria wetu wameupima vya kutosha mchango wa vita vile katika biashara ya santuri, kwa sababu askari aliyerudi alirudi na mambo mawili ambayo mwenye duka huyahitaji kwa mteja: fedha taslimu, na tamaa ya kitu ambacho baba yake hakuwa nacho.

Baada ya vita waliotangulia kuitia biashara hii mtaji walikuwa Wazungu na Wahindi. Peter Colmore, Mwingereza mwenye akili ya tamasha na matangazo, aliwaleta Nairobi wapiga magitaa wa Katanga, Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, akawaimbisha sifa za dawa ya Aspro na za Coca-Cola, na kwa njia hiyo akavifundisha vidole vya vijana wa Kenya namna mpya ya kulikwaruza gitaa. Charles Worrod, aliyesimamia studio ya Equator Sound, aliwakusanya chini ya paa moja Fadhili William, Daudi Kabaka, na wageni wawili kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, akawafanya bendi ya nyumbani. Na humo ndimo ulimotoka wimbo wa Kabaka uitwao Helule Helule, ambao mwaka 1968 kundi la Kiingereza la Tremeloes liliurudia na kuufikisha katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Huko Kericho, katikati ya majani ya chai, Chandarana naye alikuwa na duka na studio, akiwarekodi Wakipsigis na Wajaluo ambao Nairobi iliwaona wako mbali. Mwafrika hakukosekana katika safu hii: mwaka 1965 mwanamuziki David Amunga alianzisha Mwangaza Music Store, na aghalabu huhesabiwa kuwa ndiye Mkenya mweusi wa kwanza kumiliki nyumba ya santuri, heshima ambayo sioni sababu ya kumnyima.

Kwa hiyo Phares Oluoch Kanindo alipojitokeza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kampuni yake ya P.O.K. Music Stores, ambayo herufi zake ni za majina yake matatu, hakuwa amegundua kitu. Njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Alichokifanya, na ambacho ndicho kiini cha tarikhi hii, ni kuitembea njia hiyo kwa kasi na kwa umbali ambao waliomtangulia hawakuujaribu.

Yafaa hapa nieleze namna biashara hiyo ilivyokuwa ikienda, kwa kuwa vijana waliozaliwa na simu mkononi hudhani kwamba wimbo hutoka kinywani ukafika sikioni bila ya kupita ghalani. Mwenye chapa, maana ndivyo tulivyomwita, kwa sababu jina la chapa ndilo tulilolisoma, aghalabu hakuwa na studio yake wala kiwanda chake. Mashine hizo zilikuwa mali ya makampuni makubwa ya kigeni yaliyokuwa Nairobi zama zile, EMI na kampuni ambayo baadaye iliitwa PolyGram. Yeye alikodi saa za studio, akailipia bendi nauli na chakula, na mara nyingi hata magitaa na ngoma zenyewe hazikuwa za wanamuziki bali za tajiri aliyewaazima. Akarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, akachagua, akapeleka kiwandani, akalipia sahani zichapwe, ndipo akaanza kungoja. Kungoja huko ndiko mtaji hasa. Ambaye hajawahi kununua bidhaa kwa fedha ya leo na kuiuza kwa deni la miezi mitatu ijayo, kwa wenye maduka waliotawanyika katika miji ishirini, na kila mmoja wao ana udhuru wake, huyo hawezi kufahamu kwa nini wenye chapa wengi walifilisika wakiwa na nyimbo zinazoimbwa kila baa.

Sahani yenyewe ilikuwa ndogo, ya inchi saba, ikizunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati, ukaandikwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Wapo walioliona jambo hilo kuwa upungufu wa mashine, na ndivyo ulivyokuwa, lakini benga, yaani muziki wa magitaa wa Wajaluo, uliufanya upungufu huo kuwa ufundi. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maneno, mwimbaji akisimulia habari zake, akimsifu rafiki, akimlilia marehemu, akimtaja kwa jina mfadhili aliyempa ng'ombe. Kisha sahani ikageuzwa, na katika sehemu ya pili maneno yakapungua, gitaa la kuongoza likapanda juu na kuanza kusema peke yake, besi ikiruka nyuma yake kama mbuzi aliyefunguliwa, na hapo ndipo watu walipoacha viti. Asiyejua Kijaluo alisikiliza upande wa kwanza kwa adabu na wa pili kwa miguu.

Maneno hayo ya mwisho nimeyaandika kwa makusudi, kwa sababu ndani yake imo siri ya nyumba ya Kanindo. Lugha ya Kijaluo haina wasemaji wengi nje ya Nyanza, sehemu ya kaskazini mwa Tanzania, na wahamiaji wa mijini. Na tajiri mwenye akili ya kawaida angesema kuwa soko la nyimbo hizo ni watu wa lugha hiyo tu, akachapa sahani za kuwatosha, akalala usingizi. Kanindo aliuona upande wa pili wa sahani. Chini ya chapa zake, yaani Kanindo, P.O.K., Lolwe, ambalo ni jina la Kijaluo la ziwa letu kuu, na hiyo Sungura ambayo habari yake nitairudia, alikusanya bendi ambazo leo majina yake husomwa kama nasaba: Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, Victoria Jazz ya Collela Mazee, bendi ya George Ramogi, na nyinginezo. Misiani mwenyewe, tusisahau, hakuwa Mkenya kwa kuzaliwa, bali mtu wa Shirati upande wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1940 na kuiita bendi yake kwa jina la kwao. Na hivyo muziki ambao serikali zetu hupenda kuudai kama hazina ya taifa moja ulikuwa tangu mwanzo umekaa juu ya mpaka, mguu mmoja huku na mmoja huku.

Nilikuwa mtoto wa shule hapa Isiolo nilipoliona jina la Sungura kwa mara ya kwanza. Palikuwa na duka katika safu ya maduka ya barabara kuu, likiuza sukari, majani ya chai, betri, mafuta ya taa na mashuka, na nyuma ya kaunta mwenye duka, mzee wa Kisomali asiyejua neno la Kijaluo, alikuwa na kabati la sahani ambalo hakuruhusu mtu aliguse. Alizinunua kwa ajili ya wateja wake: askari wa kambi, polisi wa kizuizini, makarani wa ofisi ya wilaya, walimu, wauguzi, watu ambao serikali iliwatoa Kisumu na Homa Bay na Machakos ikawaleta katika nchi ya ngamia, na ambao mwisho wa mwezi walikuja kuuliza kwa sauti ya unyonge kama kuna kitu kipya kutoka kwetu. Mzee alizijua sahani kwa rangi za vikaratasi na kwa yule aliyependa kununua. Adui yake mkubwa alikuwa jua. Joto la Isiolo huipinda sahani ya santuri kama chapati iliyoachwa juu ya bati, na sahani iliyopinda huifanya sindano iruke, mwimbaji akawa anapiga kwikwi. Basi mzee alizilaza bapa, moja juu ya nyingine, katika chumba cha nyuma chenye giza, akatandika gunia lililorowekwa maji sakafuni ili chumba kipoe, na mtu akimwomba asikilize kwanza kabla ya kununua, humtazama kama aliyeomba kuonja chumvi.

Ukitaka ushahidi wa nguvu za biashara ile, huo hapo: wimbo uliotungwa kando ya ziwa, ukarekodiwa Nairobi, ukapita Nyeri na Nanyuki, ukateremka mlima, ukalazwa juu ya gunia la maji na Msomali mcha Mungu ambaye hakuupenda. Lakini ushahidi wa mipaka yake nao ulikuwa katika kabati hilo hilo. Sikuona humo sahani ya Kiborana hata moja, wala ya Kisomali ya kutoka kwetu, wala ya Kiturkana au ya Kisamburu, ilhali nje ya mlango wa duka lile ndizo lugha zilizokuwa zikisemwa. Mwenye chapa huifuata njia iliyo na wanunuzi, na wanunuzi hufuata mshahara, na mshahara katika wilaya yetu ulikuwa wa wageni. Fauka ya hayo, tangu Disemba 1963 nchi hii ya kaskazini ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, kwa ajili ya vita vya shifta, yaani vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, na sheria hizo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Na ni vigumu kumlaumu mfanyabiashara kwa kutoleta mashine ya kunasia sauti mahali ambapo hata mchungaji alisimamishwa aulizwe atokako. Nyimbo za Waborana zilibaki kwa redio ya serikali, Sauti ya Kenya, iliyokuwa na matangazo kwa lugha za huku, zikasikika kwa saa zake na kupotea hewani. Redio hukuazima wimbo kisha ikauchukua tena. Sahani hukupa ukawa wako. Tofauti hiyo watu wa Isiolo tuliijua kabla ya kujua jina lake.

Narudi kwa Kanindo. Mwezi wa Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa nyumba za santuri za Nairobi hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu Tanzania, iliyokuwa na wanamuziki wengi na mahiri, haikuwa na kiwanda cha kuchapia sahani, na bendi zake zilizoea kuja Nairobi kurekodi na kuziuza sahani hizo kwao. Lakini nyimbo za benga zilikuwa zimekwisha kuvuka. Zilikuwa zimefika Malawi na Zambia, na katika kambi za wapigania uhuru wa Zimbabwe waliokuwa Tanzania na Msumbiji, vijana waliokuwa mbali na mama zao, wakingoja vita au wakirudi kutoka vitani, wakisikiliza kwa redio na kwa santuri magitaa ambayo maneno yake hawakuyafahamu. Upande wa pili wa sahani ulitosha. Zimbabwe ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, wapiganaji walirudi nyumbani na silaha, na kumbukumbu, na ladha ya muziki huo; na watu waliobaki nyumbani walipouliza mnaucheza muziki gani, wakajibiwa kwa neno lililoandikwa katika kikaratasi: kanindo.

Ikafuata Sungura. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ephraim Joe aliunda huko Harare bendi aliyoiita Sungura Boys, kwa kulichukua jina la chapa ile ya Nairobi, na kutoka katika bendi hiyo na jamaa zake walitokea watu kama John Chibadura, na baada yao kizazi kingine, hata kufikia Alick Macheso, ambaye jina la sungura limemganda kama taji. Wataalamu wa muziki watasema, na ni kweli, kwamba sungura ya Zimbabwe si benga, kwa kuwa imechanganywa na mambo ya wenyewe na kwa muda mrefu sasa inasimama kwa miguu yake. Sibishani nao. Nasema tu kwamba mtoto akipewa jina la mtu, watu huuliza yule mtu alikuwa nani; na ni ajabu kidogo kwamba Kenya, yenye barabara zilizopewa majina ya watu ambao hatukumbuki walifanya nini, haina mahali popote nipajuapo pa kumkumbusha mpita njia kwamba nyumba moja ya biashara ya hapa iliupa muziki wa taifa jingine majina yake mawili.

Katika tarikhi za taasisi huwa kuna mazoea ya kuwasifu waanzilishi hadi wakawa malaika, nami sitaki kuingia katika mtego huo. Uhusiano wa mwenye chapa na mwanamuziki katika Afrika Mashariki ya zama zile ulikuwa na kasoro ya asili. Mwanamuziki aliyetoka kijijini na gitaa la kuazima alifurahi kupewa fedha mkononi siku ya kurekodi, akatia sahihi au dole gumba katika karatasi ambayo hakuisoma, na baada ya miaka mitano, wimbo wake ukiwa unapigwa katika nchi tatu, akaja kuuliza mrabaha wake akaambiwa kwamba alikwisha kulipwa. Wimbo wa Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi na ambao umiliki wake uligombewa hadi baada ya kufa kwake mwaka 2001, ni mfano unaojulikana kwa sababu wimbo wenyewe unajulikana. Mingine mingi ya namna hiyo ilizikwa pamoja na wenyewe. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, na chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kiliundwa 1983, lakini sheria iliyoko Nairobi na mwimbaji aliyeko Rongo, huko Nyanza, hawakukutana mara nyingi. Kwa upande wa pili, na hapa ndipo nionapo kwamba insafu yatudai, tajiri naye alibeba hasara ambazo mwanamuziki hakuziona: kwa kila sahani iliyouzika zilikuwapo nyingine zilizolala ghalani, na wanamuziki wale wale walioteta kuhusu mapato hawakumrudishia kitu kwa nyimbo zilizokufa. Daftari lililofunguliwa mbele ya wote wawili lingeponya mengi.

Jina la Kanindo likaingia katika siasa. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1979 alichaguliwa kuwa mbunge wa Homa Bay. Wapo wanaolishangaa jambo hilo. Mimi nashangaa kuwa halikutokea mapema kwa wenye chapa wengi zaidi. Mgombea wa kawaida hulazimika kuzunguka vijijini akilitangaza jina lake kwa kipaza sauti cha gari. Lake yeye lilikuwa limekwisha kuzunguka, mara 45 kwa dakika, katika kila baa na kila harusi ya Nyanza, kwa miaka saba au minane, na wapiga kura walikuwa wamelinunua kwa fedha zao wenyewe.

Lakini saa ya biashara yenyewe ilikuwa imeanza kugeuka. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kuwa robo tatu ya muziki wake iwe ya humu nchini, jambo ambalo wenye chapa wa Kiafrika walikuwa wakililia siku nyingi. Agizo hilo halikudumu, likaondolewa upesi baada ya malalamiko, na redio ikarudia mazoea yake. Kisha ikaja kaseti. Sahani ya santuri ilikuwa na kinga moja ambayo hakuna hakimu aliyeiandika: hukuweza kuichapa nyumbani. Kaseti haikuwa na kinga hiyo. Mtu mwenye mashine mbili za kaseti na waya mmoja alikuwa kiwanda, na katika vibanda vya kila mji, wetu ukiwamo, sauti iliyogharimiwa na mwingine iliuzwa kwa bei ambayo mwenye chapa hangeiweza hata angetaka. Kodi juu ya sahani ilikuwa nzito, makampuni ya kigeni yakaanza kuondoka au kujipunguza, mashine za kuchapia zikazeeka, na nyumba kama ya Kanindo, zilizosimama juu ya nguzo ya sahani ndogo ya inchi saba, zikainama pamoja na nguzo hiyo. Hapakuwa na siku moja ya msiba. Maduka yaliagiza sahani chache, kisha chache zaidi, kisha hayakuagiza.

Mzee wetu wa barabara kuu aliligeuza kabati lake kuwa la kaseti, akaona wachuuzi wa mlangoni wanauza zile zile kwa nusu ya bei, akaligeuza tena kuwa la sabuni. Misiani aliendelea kuimba hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Mwaka 2008 taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi ilitoa kazi yake ya kuufuatilia mwendo wa benga, kitabu pamoja na nyimbo na filamu, na humo vijana wengi walilisoma jina la Kanindo kwa mara ya kwanza. Na siku hizi sahani za chapa zake hutafutwa na Wazungu wenye subira, wakazinunua moja moja kwa bei ambayo ingemfanya mzee yule aliyezilaza juu ya gunia acheke hadi kofia imdondoke.

Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika muongo wa 2010, na mtu aweza kutoka hapa asubuhi akafika mpakani bila ya vumbi kumjaa nywele. Vijana wa Isiolo sasa hurekodi nyimbo za Kiborana na za Kisomali katika vyumba vya mitaa ya Bula Pesa, kwa kompyuta moja na kipaza sauti kilichozungushiwa godoro, wakazituma kwa simu hadi Nairobi, hadi Moyale, hadi kwa jamaa zao walioko Ughaibuni, bila ya mwenye chapa, bila ya ghala, bila ya lori. Nimemuuliza mmoja wao analipwaje. Akaniambia kwamba halipwi, ila jina lake linatembea. Nikamwonyesha sahani niliyonayo, niliyopewa na watoto wa mzee yule walipolifunga duka, ya chapa ya Sungura. Jua lilikuwa limekwisha kuipata kabla sijaipata mimi. Upande wa kwanza sindano huruka tangu mwanzo, wala sijapata kusikia mwimbaji alikuwa akimsifu au akimlilia nani. Lakini ukiigeuza na kuitia sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano ili ikaze, upande wa pili hupiga hadi mwisho. Kijana yule aliusikiliza wote amesimama, kisha akaomba nimpigie tena.